Kugawa Kangaga la Chunguni: Mwongozo Kamili Kuanzia Kisu Hadi Jani Jipya

Kangaga lililojaa chungu hujitambulisha wakati wa kumwagilia. Unamimina maji juu, na kabla hujaweka kopo chini yameshatokea yote kwenye kisahani. Udongo wa kuyanywa haupo tena. Mizizi imechukua nafasi yote, imejizungusha ukutani mwa chungu na kusukana kama mkeka. Ukichungulia katikati ya mmea unaona majani makuukuu ya njano na vijiti vikavu, huku majani machanga yakichomoza pembezoni tu, yamebanwa kwenye ukingo. Hapo una njia mbili: kulihamishia chungu kikubwa zaidi, au kuligawa ukapata makangaga mawili au matatu. Hapa tunafuata njia ya pili.

Mwanzoni niliyaua mengi. Lililoniuma kuliko yote lilikuwa kangaga la Boston ambalo majani yake yalikuwa yameshuka karibu mita moja. Nilikuwa na vyungu vinane vitupu na nikavitaka vyote vijae, basi nikalikata vipande vinane siku hiyohiyo. Jioni vyote vilikuwa vimesimama vizuri. Siku ya kumi vijani vikaanza kupukutika, nikiyagusa majani yanabaki vijiti. Mwezi ulipokwisha nilikuwa na vipande viwili. Udongo wa vile vingine sita ulikuwa umelowa hadi siku ya mwisho, na hilo ndilo lililonifundisha. Kangaga lililogawanywa hufa kwa kiu huku limekaa kwenye maji. Mizizi iliyochanika haiwezi kunyonya ya kutosha, na majani yaliyobaki yanaendelea kupoteza maji hewani usiku na mchana. Karibu kila utakachosoma hapa chini kinalenga kuziba pengo hilo kwa wiki tatu au nne, mpaka mizizi mipya itoke.

Kwa nini tugawe

Kangaga halitoi ua wala mbegu. Huzaliana kwa spora, unga laini unaotoka kwenye vidoa vya kahawia vilivyojipanga chini ya majani. (Vidoa hivyo si wadudu wala ugonjwa. Nimewaona watu wakivikwangua kwa kucha mpaka jani likachanika.) Spora ikiangukia mahali penye unyevu huota kijimmea bapa chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha, na upande wake wa chini ndipo seli ya kiume huogelea kwenye utando wa maji kuifuata ya kike. Ni jambo la ajabu kulitazama, lakini hadi upate kangaga la kujaza chungu, miezi mingi imepita, mara nyingi zaidi ya mwaka.

Kwa kangaga la Boston hata subira hiyo haisaidii, maana spora zake kwa kawaida hazioti. Aina hii ilitambuliwa mwaka 1894 ndani ya shehena ya makangaga iliyokuwa imetumwa kutoka Philadelphia kwenda Boston, na tangu hapo imeenea duniani kwa kugawanywa na kwa vikamba vyake. Lile lililoko barazani kwako ni kipande cha kipande cha mmea huo.

Chunguza kwanza kama kangaga lako linagawika

Wengi huruka hatua hii na kukimbilia kisu. Tafuta mahali majani yanapotokea, pale yanapoungana na mizizi. Nitapaita kitovu. Ndani yake kuna shina nene, fupi au la kutambaa, ambalo wataalamu huliita rizomu, na huko ndiko uhai wa mmea uliko. Jani halioti bila kitovu, na mzizi uliokatika bila kitovu ni takataka tu.

Kangaga la Boston na ndugu zake wa jenasi ya Nephrolepis huwa na vitovu vingi ndani ya chungu kimoja, kwa hiyo yanagawika kwa urahisi. Pteris, jenasi nyingine ya makangaga, nayo ni hivyohivyo. Adiantum, lile la vijiti vyeusi vinavyong'aa na vijani laini, linagawika pia, ila mizizi yake ni myembamba mno na halisamehi kukauka hata nusu saa.

Davallia lina njia yake. Rizomu zake hutambaa juu ya udongo na kuning'inia nje ya chungu, zimefunikwa na manyoya ya kahawia kama mguu wa sungura. Hapa huhitaji kupasua donge zima. Kata ncha ya rizomu yenye urefu wa sentimita 5 hadi 8, iliyo na jani moja au mawili na ikiwezekana vizizi kwa chini, uilaze juu ya udongo wenye unyevu na uibane kwa waya uliokunjwa. Usiifukie. Rizomu ya Davallia ikifukiwa huoza.

Usithubutu kulipasua lile linaloitwa kiota cha ndege, Asplenium nidus, ambalo majani yake mapana hutoka yote kwenye kitovu kimoja kama bakuli. Ukilikata katikati utapata nusu mbili zinazokufa. Wakati mwingine wauzaji hupanda miche mitatu au minne kwenye chungu kimoja ili lionekane limenenepa, na hiyo unaweza kuitenganisha. Pekua uone kama kuna bakuli zaidi ya moja. Makangaga ya shina kama mti nayo yaache. Yale yenye shina moja hukua kwa ncha ya juu tu, ukiigusa hiyo umeliua.

Wakati gani

Gawa mmea unapoanza kukua. Utaliona hilo kwenye kitovu: vichipukizi vimeanza kuinuka, vimejikunja kama mkia wa kinyonga. Penye majira ya baridi kali, hayo ni majira ya kuchipua. Penye joto mwaka mzima, mwanzo wa mvua hufaa zaidi kwa sababu hewa yenyewe imejaa unyevu. Usigawe wakati wa baridi mmea ukiwa umelala, wala wakati wa kiangazi na upepo mkavu.

Mmea mgonjwa nao usigawe. Kama una vidung'ata au wadudu wa magamba, watibu kwanza, usubiri wiki kadhaa, kisha ndipo ukate. La sivyo unagawa wadudu.

Vya kuandaa kabla hujalitoa

Kila kitu kiwe mezani kabla kangaga halijatoka chunguni, maana kuanzia hapo mizizi iko hewani na inakauka. Unahitaji kisu kirefu chenye makali, hata msumeno mdogo kama donge ni gumu, mkasi, spiriti ya kufutia makali, vyungu, udongo, chupa ya kunyunyizia, mifuko ya plastiki myeupe inayopitisha mwanga, na kitambaa kilicholoweshwa cha kufunikia vipande vinavyosubiri zamu.

Chungu kisizidi upana wa donge kwa zaidi ya sentimita 2 au 3 kila upande. Najua kishawishi cha kukipa kipande kidogo chungu kikubwa ili kiwe na nafasi. Udongo ambao haujafikiwa na mizizi haunywewi, unabaki na maji, unachacha, na uozo huanzia huko. Chungu chenye kina kirefu hakina faida pia, kwa kuwa mizizi ya kangaga hukaa juujuu. Matundu ya chini ni lazima.

Udongo wa shambani peke yake ni mzito mno. Mimi huchanganya sehemu mbili za makumbi ya nazi yaliyosagwa, sehemu moja ya mboji ya majani iliyooza vizuri na kuchekechwa, na sehemu moja ya perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za kulegeza udongo) au mchanga mkubwa uliooshwa. Loweka mchanganyiko kisha ukamue konzi moja: ushikamane, utoe tone moja au mawili, na ukiusukuma kwa kidole usambaratike. Ukitiririsha maji, ongeza perlaiti. Mbolea usitie kwa sasa.

Siku ya kukata

Jana yake mwagilia mmea vizuri uache maji yachuruzike. Majani yaliyoshiba maji huvumilia mshtuko, na mizizi yenye unyevu hunyumbulika badala ya kukatika.

Funga majani kwa kamba laini kama unavyokusanya nywele, bila kukaza, ili yasikatike ukiligeuza. Laza chungu ubavu, kigonge pande zote kwa kiganja, kisha kivute huku umeshika donge, usishike majani. Likigoma, pitisha kisu kirefu kati ya donge na ukuta. Likizidi kugoma, kata chungu cha plastiki. Chungu kinanunulika.

Sasa tulia uliangalie donge. Pukuta udongo wa juu kwa vidole mpaka uone vitovu vimekaaje. Kwenye kangaga la Boston vinaonekana kama mafundo ya kahawia yenye magamba laini, kila kimoja na kishada chake cha majani. Kati ya fundo na fundo pana sehemu iliyo tupu kidogo, na hapo ndipo kisu kipite. Tafuta mistari hiyo kabla ya kukata hata kama itakuchukua dakika tano nzima. Mizizi mizima ni ya kahawia au karibu nyeusi, na ncha zake ni za rangi iliyopauka. Weusi wa kawaida usikutishe; mzizi uliooza utaujua kwa kuuvuta, maana ganda lake linavuka na kubaki uzi, na harufu yake ni ya tope lililolala.

Amua idadi ya vipande. Hapa ndipo nilipokosea na vile vinane vyangu. Donge la sentimita 20 litoe vipande viwili au vitatu. Kila kipande kiwe na kitovu kizima, ikiwezekana viwili, majani yasiyopungua matatu hadi matano, na mizizi inayojaa kiganja. Kipande kikubwa huamka ndani ya mwezi, kidogo hukaa robo mwaka bila kusonga, kama hakijafa.

Jaribu mikono kwanza. Ingiza vidole gumba viwili kwenye mstari ulioupata, uvute taratibu pande mbili. Kama mmea haujasokotana sana utasikia mizizi ikiachiana kwa sauti ndogo, kama kitambaa chakavu kinachochanika. Ikishindikana, futa kisu kwa spiriti na ukate moja kwa moja kutoka juu hadi chini, mkato mmoja. Kusereza kisu mbele na nyuma kunaacha mizizi iliyochambuka, na hiyo huoza kwanza. Futa kisu tena kabla ya mkato unaofuata. Kile unachokimaliza kifunike kwa kitambaa kilicholowa.

Ile sehemu ya katikati yenye vijiti vikavu itupe, haitaamka. Mizizi iliyojizungusha chini ikate kwa mkasi, hata theluthi moja ya kimo cha donge, nayo itachipua upya kutoka kwenye kitovu.

Kisha majani. Ondoa yote ya njano na yaliyovunjika, ukikata karibu na kitovu. Kama kipande kimepoteza mizizi mingi, punguza pia majani mazima, uanzie na ya nje, marefu na ya zamani. Inauma, kwa sababu hayo ndiyo yanayoupa mmea sura. Lakini majani mengi juu ya mizizi michache ni midomo mingi kwenye chungu kidogo cha uji. Vichipukizi vilivyojikunja usiviguse.

Kupanda

Weka udongo kidogo chini, simamisha kipande, na uangalie kimo: kitovu kikae sawa na uso wa udongo, kama kilivyokuwa mwanzo. Kikizama, maji hutuama katikati na kikaoza. Kikiinuka sana, vizizi vya juu hukauka. Jaza pembeni ukisukumia udongo kwa kidole ili usiache matundu ya hewa, lakini usishindilie. Acha sentimita 2 hadi ukingo wa chungu. Mwagilia kwa utulivu mpaka maji yatoke chini, ongeza udongo palipobonyea, uache yachuruzike.

Wiki nne za kufunika

Kukata ni kupanda mchongoma. Kushuka ndiyo ngoma. Pengo nililolitaja mwanzoni linazibwa hapa, kwa kuijaza hewa unyevu ili majani yasipoteze maji.

Mnamo 1829 tabibu mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alikuwa na shauku ya makangaga lakini moshi wa jiji ulikuwa umemharibia bustani. Aliweka buu wa nondo kwenye chupa iliyofungwa yenye udongo wenye unyevu, akitaka kuona nondo akitoka, na badala yake akaona kangaga limeota lenyewe ndani ya kioo. Maji yalipanda mchana, yakaganda kwenye kioo, yakarudi udongoni. Masanduku ya kioo aliyoyabuni kutokana na hilo yalisafirisha mimea baharini kwa miezi bila kumwagiliwa. Mfuko wako wa plastiki unafanya kazi ileile.

Chomeka vijiti vitatu au vinne kwenye chungu, vuta mfuko juu yake bila kugusa majani, na ufunge chini kwa kulegeza. Weka mahali penye mwanga mwingi lakini jua lisipige moja kwa moja. Jua likiupiga mfuko, ndani hugeuka tanuri kwa dakika chache. Joto la nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi ndilo linalofaa zaidi.

Kila asubuhi fungua mfuko dakika kumi uache hewa ibadilike. Ukungu mwembamba kwenye plastiki ni ishara njema. Matone makubwa yanayotiririka muda wote yanasema maji yamezidi, basi acha wazi nusu siku. Plastiki kavu kabisa inasema udongo una kiu. Ndani ya mfuko utamwagilia mara chache sana, pengine mara moja kwa wiki. Ingiza kidole hadi fundo la kwanza. Kama unyevu upo, ondoka. Kuhurumia kwa maji kumeua makangaga mengi.

Wiki ya kwanza na ya pili majani mawili matatu ya zamani yatakuwa ya njano. Yakate na usihangaike, ilimradi kitovu ni kigumu ukikibonyeza. Wiki ya tatu hadi ya sita utaona kichipukizi kimesogea, kimeanza kujikunjua. Hapo mizizi imeshika. Usiondoe mfuko kwa mpigo. Toboa matundu machache, siku tatu baadaye ongeza mengine, kisha ufungue juu, na baada ya wiki uuvue kabisa. Jani lililokua ndani ya unyevu ni laini kama la mboga. Likitolewa ghafla, ncha zinakauka ndani ya siku moja. Adiantum lipe wiki mbili za kuzoea badala ya moja.

Mambo yakienda kombo

Ncha za majani zikikauka na kuwa za kahawia, hewa ni kavu mno: rudisha mfuko. Majani yote yakilegea ilhali udongo umelowa, toa kipande uangalie mizizi. Kata iliyooza hadi ufikie iliyo hai, punguza majani, panda upya kwenye udongo mpya na chungu kidogo zaidi. Kitovu kikibonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, kipande hicho kimekwisha. Kitoe kisiambukize vingine. Ukungu mweupe juu ya udongo hupungua ukiongeza hewa. Vinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu ni dalili ya udongo usiokauka juu hata kidogo, basi punguza maji.

Na kama majani yote yamekauka lakini kitovu bado ni kigumu, usikitupe. Kata majani yote, acha kitovu ndani ya mfuko, udongo uwe na unyevu kiasi. Nimewahi kungoja wiki tisa kwa kitovu cha namna hiyo, nikaona siku moja asubuhi nukta ya kijani isiyozidi kichwa cha kiberiti.

Kwa asiyetaka kukata kabisa

Kangaga la Boston hutoa vikamba vyembamba vya kijani visivyo na majani, vinavyoning'inia nje ya chungu kama nyuzi. Wengi huvikata wakidhani ni uchafu. Hivyo ni watoto wanaotafuta pa kukaa. Weka chungu kidogo chenye udongo kando ya mama, laza kikamba juu ya udongo, kibane kwa waya, na uhakikishe udongo haukauki. Baada ya wiki kadhaa kitatoa mizizi na vijani. Kikifikisha majani matatu, kata uzi unaokiunganisha na mama. Njia hii haihitaji mfuko, kwa kuwa mama anaendelea kumlisha mtoto hadi siku ya mwisho.

Ndugu yake, Nephrolepis cordifolia, huwa na viazi vidogo vya duara mizizini, vyenye ukubwa wa njegere au zaidi kidogo. Huhifadhi maji na vinaweza kuota. Vipande vya aina hii usivitupe kichakani wala mtoni. Kwenye jimbo la Florida, Marekani, limetoroka bustanini na kusonga mimea ya asili.

Baada ya hapo

Subiri wiki sita hadi nane kabla ya mbolea yoyote, mizizi mipya huungua upesi. Kisha tumia mbolea ya maji iliyopunguzwa hadi nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, au pungufu zaidi, mara moja kwa mwezi, na udongo uwe umeshalowa kabla ya kuimimina. Geuza chungu robo mzunguko kila wiki ili majani yasiegemee upande mmoja. Kipande kilichogawanywa vizuri hujaza chungu chake ndani ya miaka miwili au mitatu, na siku moja utamwagilia maji juu uyaone yametokea yote chini.